Kuyajua maeneo ya mvinyo duniani: mwongozo kamili, kuanzia ulimi hadi ramani ya kijiji

Ufaransa peke yake ina majina ya mvinyo yanayolindwa kisheria zaidi ya 300. Italia, ukijumlisha ngazi zake mbili za majina yanayolindwa, DOC na DOCG, inapita 400. Anayeanza kwa kukariri orodha hiyo huchoka akiwa bado Bordeaux, na mwezi ukipita hakumbuki hata nusu. Kinachokaa kichwani ni sababu: kwa nini zabibu ya Riesling iko kwenye miteremko ya Mosel, Ujerumani, kwa nini Malbec hupandwa mita 1,000 juu ya usawa wa bahari huko Mendoza, Argentina, kwa nini huko Bordeaux Cabernet Sauvignon inatawala upande mmoja wa mto na Merlot upande wa pili. Ukishika sababu, jina jipya linapata mahali pa kukaa.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni ulimi, halafu hali ya hewa, halafu zabibu. Ramani na sheria zinafuata.

Ufundishe ulimi kabla ya kununua chupa

Mvinyo hupimwa kwa mambo matano: asidi, sukari, tanini, alkoholi na uzito mdomoni. Harufu za matunda na maua ndizo zinazovutia watu, lakini ndizo zinazopotosha mapema. Ziache zije baadaye.

Weka glasi tatu zenye mililita 250 za maji kila moja. Ya kwanza usiiguse. Ya pili tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau, ya tatu vijiko vitatu. Onja kila moja, tema, kisha inamisha kichwa na usikilize mate yanavyotiririka pembeni mwa ulimi na yanachukua muda gani kukatika. Hicho ndicho kipimo cha asidi. Sasa koroga vijiko viwili vya sukari kwenye glasi ya tatu na uonje tena. Uchachu umefifia, ila mate yanatoka vilevile. Watu wengi hudhani mvinyo mtamu hauna asidi kwa sababu wanapima uchachu badala ya mate, na kosa hilo huwafuata miaka.

Kwa tanini, chukua pakiti mbili za majani ya chai, bila sukari wala maziwa. Moja iache kwenye maji ya moto dakika 2, nyingine dakika 15, kisha zipoe. Ule ukakasi unaokausha fizi na mashavu kwa ndani ndio tanini. Haina ladha hasa. Unaihisi kwa kugusa. Alkoholi utaijua kwa joto linaloshuka kooni baada ya kumeza au kutema.

Ukianza kuonja mvinyo wenyewe, glasi iwe ya umbo la yai, pana chini na nyembamba mdomoni, na umimine mililita 50 tu. Chupa ya mililita 750 inatoa vipimo 15, kwa hiyo kundi la watu sita linaweza kufungua chupa kadhaa kwa gharama nafuu. Weka chombo cha kutemea na ukitumie. Baada ya glasi ya tatu iliyomezwa, daftari lako halina tena thamani. Mvinyo wa mapovu na mweupe mwepesi ufikie nyuzi 7 hadi 10, mweupe mzito 10 hadi 13, mwekundu 15 hadi 18. Mwekundu ukiwa wa moto, alkoholi huruka puani na kufunika yote. Mweupe ukiwa baridi mno, hunusi kitu.

Kabla hujalaumu eneo, hakikisha chupa ni nzima. Harufu ya kadibodi iliyolowa na matunda yaliyofifia ni TCA, kemikali inayotoka kwenye kizibo. Harufu ya siki au gundi ya kucha ni asidi tete iliyozidi. Mweupe mchanga wenye rangi ya kahawia na harufu ya tufaha lililokatwa likaachwa umepigwa na hewa. Harufu ya kiberiti kilichowashwa mara nyingi hutoka yenyewe ukiutikisa mvinyo kwenye glasi dakika kumi.

Hali ya hewa: kanuni moja na maswali matano

Karibu mivinyo yote utakayokutana nayo inatokana na mizabibu ya Vitis vinifera, inayostawi hasa kati ya latitudo 30 na 50, kaskazini na kusini mwa ikweta. Mzabibu unahitaji majira ya baridi ya kulala na majira ya joto ya kuivisha. Kwenye tropiki haulali. Mkulima huupangia mapumziko kwa kupogoa na kupunguza maji, na anaweza kuvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Kanuni ni hii: zabibu ikizidi kuiva, sukari hupanda na asidi hushuka. Sukari ndiyo hamira huigeuza kuwa alkoholi. Basi penye baridi tarajia asidi kali, alkoholi ndogo na harufu za limau na tufaha la kijani. Penye joto tarajia asidi laini, alkoholi ya 14% au zaidi, na matunda yaliyoiva hadi kukaribia jemu.

Kwa kila eneo jipya uliza maswali matano. Latitudo gani? Mwinuko gani? Kuna mkondo gani wa bahari? Mlima uko upande gani? Kuna mto au ziwa?

Mwinuko: kila mita 100 unazopanda, joto hushuka takriban nyuzi 0.6. Mendoza ingekuwa tanuri kama ingekuwa pwani. Kwa mita 1,000, usiku wake ni baridi na asidi hubaki. Mkondo wa bahari: Humboldt hupoza pwani ya Chile, Benguela hupoza pwani ya Rasi nchini Afrika Kusini, na maji baridi ya California husukuma ukungu kupitia ghuba ya San Francisco hadi kusini mwa Napa. Ndiyo maana Carneros, iliyo karibu na ghuba, hupanda Pinot Noir na Chardonnay, huku Calistoga, kaskazini zaidi, ikiwa na joto kali. Tazama vizuri: hapo ukienda kaskazini unaingia kwenye joto. Latitudo pekee ingekudanganya.

Mlima huzuia mvua. Vosges huikinga Alsace, na Colmar ni miongoni mwa miji mikavu zaidi Ufaransa. Andes huikausha Mendoza kiasi kwamba bila maji ya theluji inayoyeyuka hakuna kilimo. Mto nao huakisi mwanga na kuzuia jalidi, na mara nyingine hufanya kazi ya ajabu zaidi: huko Sauternes, Bordeaux, maji baridi ya kijito cha Ciron yanapokutana na Garonne iliyo na joto zaidi, ukungu wa asubuhi huzaliwa, kuvu ya Botrytis hutoboa maganda ya zabibu, na jua la mchana hukausha maji yake. Kinachobaki ni sukari, asidi na ladha iliyokolea. Jua lisipotokea, kuvu hiyohiyo huozesha shamba zima.

Udongo uweke mwisho. Utasoma sana kwamba mvinyo fulani una ladha ya chokaa au ya jiwe, kana kwamba mizizi hunyonya ladha ya mwamba. Hainyonyi. Kazi ya udongo inayoeleweka vizuri ni maji na joto. Changarawe ya Médoc hupitisha maji haraka na kutunza joto, ndipo Cabernet Sauvignon inayochelewa kuiva hufanikiwa. Mfinyanzi wa Pomerol ni baridi na hushika maji; Merlot, inayowahi kuiva, hupatana nao. Hayo ndiyo maelezo ya ukingo wa kushoto (Médoc) na wa kulia (Pomerol) wa Bordeaux.

Zabibu nane, na majina yanayotega

Anza na Riesling, Sauvignon Blanc, Chardonnay, Pinot Noir, Merlot, Cabernet Sauvignon, Syrah na Grenache. Ukizijua, ongeza Chenin Blanc, Tempranillo, Sangiovese na Nebbiolo. Usiende zaidi ya kumi na mbili katika miezi mitatu ya kwanza.

Andika mapema majina yanayojirudia. Syrah na Shiraz ni kitu kimoja. Garnacha ya Uhispania na Cannonau ya Sardinia ni Grenache. Primitivo ya Puglia na Zinfandel ya California ni zabibu moja yenye asili ya Kroatia. Mtego mkubwa ni Montepulciano: Vino Nobile di Montepulciano ni mvinyo wa mji wa Toscana unaotokana hasa na Sangiovese, ilhali Montepulciano d'Abruzzo unatokana na zabibu iitwayo Montepulciano. Na Carmenère ya Chile iliuzwa miaka mingi ikiitwa Merlot, hadi 1994 mtaalamu Jean-Michel Boursiquot alipoitambua shambani.

Ramani ichorwe kwa mkono

Kutazama ramani iliyochapishwa hakufundishi. Chukua karatasi tupu, chora mpaka wa nchi kwa mstari mmoja, kisha fuata mpangilio huu: mito, milima, miji mitatu au minne, na maeneo ya mvinyo mwisho. Kwa Ufaransa mito ni Loire, Garonne, Dordogne, Saône, Rhône, Marne na Rhine. Ukiiweka mahali pake, karibu maeneo yote makubwa yanajipanga yenyewe. Jipe dakika 10, linganisha na ramani halisi, weka makosa kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho, baada ya siku 3, baada ya wiki, baada ya mwezi. Usirudie siku hiyohiyo mara tano, ni kujidanganya.

Anza na Ufaransa kwa sababu zabibu nyingi za kimataifa na lugha ya mitindo vimetoka huko. Fuata Ujerumani, kisha Uhispania na Ureno. Italia iweke mwisho kwa Ulaya, maana zabibu zake nyingi hazipandwi sana kwingine na kila bonde lina zake. Maeneo ya nje ya Ulaya huenda haraka kwa sababu lebo zake hutaja zabibu: California, Oregon, Chile, Argentina, Afrika Kusini, Australia, New Zealand. Usiiruke Georgia, ambako ushahidi wa kutengeneza mvinyo una umri wa takriban miaka 8,000 na mitungi ya udongo inayozikwa ardhini, qvevri, bado inatumika.

Kusoma lebo

Lebo ya Ulaya mara nyingi hutaja mahali na kunyamaza kuhusu zabibu. Hapo ndipo kukariri kunahitajika kweli: Chablis ni Chardonnay; Sancerre mweupe ni Sauvignon Blanc; Vouvray ni Chenin Blanc; Chinon mwekundu ni Cabernet Franc; Hermitage mwekundu ni Syrah; Barolo ni Nebbiolo; Chianti Classico ni Sangiovese kwa angalau 80%. Zabibu ikitajwa, Umoja wa Ulaya hudai iwe angalau 85% ya mvinyo. Marekani hudai 75%, na eneo la AVA (eneo rasmi la kilimo cha zabibu) likitajwa, 85% ya zabibu itoke humo.

Maneno ya umri nayo yana uzito tofauti kutegemea nchi. Rioja nyekundu ya Crianza hukaa angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa, mmoja ukiwa kwenye pipa. Reserva miaka 3. Gran Reserva miaka 5. Barolo hukaa angalau miezi 38, kati yake 18 kwenye mbao. Neno "Reserve" kwenye chupa ya Marekani halina maana yoyote katika sheria ya shirikisho. Kanuni hizi hurekebishwa, kwa hiyo kagua tovuti ya baraza la eneo husika.

Lebo ya Ujerumani inatisha kwa mbali, lakini ikifunguliwa ni mojawapo ya zile zinazosema wazi zaidi. Chukua "Wehlener Sonnenuhr Riesling Kabinett". Wehlen ni kijiji, na -er humaanisha "cha Wehlen". Sonnenuhr ni jina la shamba. Kabinett ni ngazi ya sukari iliyokuwa ndani ya zabibu siku ya kuvunwa, na juu yake ziko Spätlese, Auslese na kuendelea. Kabinett haikuambii kama mvinyo ni mtamu. Tafuta neno "trocken", yaani usio na utamu, au soma alkoholi. Takriban gramu 17 za sukari kwa lita hutoa alkoholi ya 1%. Zabibu ambazo zingefika 11.5% zikisimamishwa kwenye 8%, pengo la 3.5 likizidishwa kwa 17 ni karibu gramu 60 za sukari zilizobaki kwenye lita moja. Hesabu hiyo utaifanya ukiwa umesimama mbele ya rafu, bila kufungua kitu.

Onja kwa jozi

Chupa moja haifundishi eneo. Mbili, zabibu ileile, mahali tofauti, zinafundisha. Jozi za kuanzia: Sauvignon Blanc ya Sancerre na ya Marlborough (New Zealand), Chardonnay ya Chablis na ya Sonoma (California) iliyokaa kwenye pipa la mwaloni, Riesling ya Mosel na ya Clare Valley (Australia), Syrah ya Crozes-Hermitage (Ufaransa) na Shiraz ya Barossa (Australia), Cabernet ya Médoc na ya Maipo (Chile).

Masharti ya jozi ni matatu: bei ikaribiane, mwaka wa mavuno usipishane zaidi ya miwili, na joto la kuandaa liwe sawa. Ukiweka chupa ya kawaida ya Ufaransa mbele ya chupa ya fahari ya Australia, unachopima ni bei. Kumbuka pia kwamba kusini mwa ikweta mavuno ni Februari hadi Aprili, hivyo mvinyo wa mwaka uleule una umri wa nusu mwaka zaidi.

Mtu mwingine amimine na afiche chupa. Andika vipimo kwanza, kisha sababu, na jina mwishoni: "Asidi kali, alkoholi 12.5%, hakuna pipa, kwa hiyo ni penye baridi." Ukikosea jina lakini sababu ikashika, umefanya vizuri. Ukipatia jina kwa kubahatisha, usijipe alama. Kinachobaki kimimine kwenye chupa ndogo ya mililita 375, ijae hadi shingoni, ifunge na uiweke kwenye friji. Siku tatu hadi tano bado inafaa kuonjwa.

Kuzama: eneo moja, hadi mteremko

Baada ya miezi sita hivi acha kutawanyika. Chagua eneo moja, ulifuate mwaka mzima. Burgundy, Ufaransa, ni ghali ila hakuna mwalimu bora wa ngazi za ubora. Chini kabisa ni jina la mkoa, juu yake kijiji, kisha premier cru (mashamba bora), kisha grand cru (mashamba bora kabisa).

Mtego wake wa kwanza ni majina. Mwaka 1847 kijiji cha Gevrey kilijiongezea jina la shamba lake maarufu kikawa Gevrey-Chambertin, na vijiji vingine vilifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo chupa ya "Gevrey-Chambertin" ni ya ngazi ya kijiji, "Chambertin" pekee ni grand cru, na "Charmes-Chambertin" nayo ni grand cru. Ukisoma haraka unaweza kulipa pesa za shamba kwa chupa ya kijiji.

Chora mteremko wa Gevrey kwa ubavu. Unatazama mashariki, kwa hiyo hupata jua la asubuhi. Chini bondeni udongo ni mzito na una maji: hapo ni jina la mkoa tu. Ukipanda kidogo ni kijiji. Katikati, ambapo udongo wa chokaa na mfinyanzi hauna kina kirefu, maji hutoka na jua hupiga vizuri, ndipo zilipo grand cru. Juu zaidi udongo ni mwembamba na baridi ni nyingi. Mchoro huo mmoja unaeleza bei za mkoa mzima.

Halafu wajue watengenezaji. Clos de Vougeot lina takriban hekta 50 na wamiliki takriban 80. Jina la shamba ni moja, chupa hazifanani hata kidogo. Mwaka pia: joto la 2003 lilitoa mivinyo mizito isiyo ya kawaida kaskazini mwa Ulaya, na jalidi ya Aprili 2017 na Aprili 2021 ilikata mavuno ya Ufaransa. Andika mwaka, kilichotokea, na athari yake kwenye asidi au wingi. Kuandika "mwaka mzuri" au "mwaka mbaya" hakusaidii.

Ukitaka cheti, WSET, shirika la mafunzo ya mvinyo, ina ngazi nne, ya mwisho ikiwa Diploma. Court of Master Sommeliers huelekea zaidi kwenye huduma ya mezani. Institute of Masters of Wine, ambayo mtihani wake ulianza 1953, ni ya walio tayari kwenye fani. Kwenye ngazi ya 3 ya WSET utaandika majibu ya maelezo na kuonja mivinyo miwili bila kuonyeshwa lebo. Swali likisema "eleza", wanataka mnyororo: mwinuko, usiku wa baridi, asidi inabaki, mvinyo una uhai. Kuorodhesha mwinuko pekee hakutoshi.

Zoezi la kupima kama umefika: chagua eneo ambalo hujawahi kulionja na ulitabiri kwa maandishi kabla ya kufungua chupa. Jaribu Santorini, kisiwa cha Ugiriki. Latitudo 36, jua kali, mvua haba. Kanuni inasema asidi laini. Fungua chupa ya Assyrtiko na mate yatatiririka, kwa sababu zabibu hiyo hushikilia asidi hata kwenye joto, na upepo wa baharini ni mkali kiasi kwamba wakulima huisuka mizabibu chini kama vikapu ili matunda yakue ndani. Andika utabiri upande mmoja wa ukurasa na ulichoonja upande wa pili. Kila panapopishana, tafuta sababu kabla hujafungua chupa inayofuata.